Hali Shwari, Saa Tisa na Nusu

Kambi Miti, Eldoret
5 Machi 2025

Kwa Inspekta Purity Nanzala,
Mkuu wa Kituo cha Polisi cha Lelmet.

Afande,

Nakuandikia kwa sababu simu ya kituo chako inalia tu mpaka inachoka yenyewe. Jana niliipiga mara kumi na moja. Nimefundisha darasa la saba kwa miaka thelathini na moja, na kuhesabu kumekuwa ugonjwa wangu. Siku hizi nimestaafu, na mimi ndiye mwenyekiti wa Nyumba Kumi hapa Kambi Miti.

Unamjua Bashir, mwenye duka la unga na chakula cha mifugo karibu na tangi la maji. Tumekuwa majirani miaka kumi na minane. Jana saa tisa na nusu alasiri, jua likiwaka, wanaume watatu waliingia dukani mwake wakampiga usoni kwa nondo. Mzee wa watu alikuwa amefunga Ramadhani, hakuwa hata na mate ya kupigia kelele. Mkewe Rukia alikuwa stoo, akatoka mbio na kumtambua mmoja wao kabla hawajakimbia.

Nilianza kupiga simu saa tisa na dakika arobaini. Maafisa wako wawili walifika saa kumi na mbili na dakika ishirini, wote wawili mgongoni mwa boda boda moja. Kutoka kwako hadi kwetu ni kilomita nne, afande. Kwa magoti yangu haya ningetembea hadi kituoni, nikanywa maji, nikarudi. Bashir tulikuwa tumeshampeleka hospitali wenyewe, ndani ya pikapu ya maziwa.

Naomba mambo mawili. La kwanza, gari la doria mlilotuondolea Januari lirudi. La pili, kile kitabu cha doria kilichokuwa kwenye msumari dukani, ambacho maafisa hutia sahihi wakipita. Vijana wako wamekichukua eti ni ushahidi kwa kuwa kilirukiwa na damu. Tafadhali kirudishwe haraka. Ni mali ya mtaa.

Ni mimi,
Mwalimu Hellen Chepkirui


Kituo cha Polisi, Lelmet
10 Machi 2025

Mwalimu Hellen Chepkirui,

KUH: MALALAMIKO YAKO YA TAREHE 5 MACHI

Barua yako imepokelewa na kusomwa.

Kituo hiki kinastahili kuwa na maafisa sitini. Ninao kumi na tisa. Siku hiyo watatu walikuwa likizoni, wawili mahakamani, wengine wakilinda benki na ofisi za serikali, na waliobaki kwa doria walikuwa wanne kwa mitaa mitano, kwa miguu. Wawili kati yao ndio waliokuja kwako, baada ya kutoka kwenye ajali ya lori upande wa pili wa mji. Simu haikupokelewa kwa sababu konstebo wa mapokezi ndiye pia aliyekuwa akilinda mahabusu. Sikuelezi haya ili unionee huruma. Umeuliza, nimejibu.

Kuhusu kitabu cha doria, hakiwezi kurudishwa kwa sasa. Nimekipitia. Mstari wa Jumanne tarehe 4 Machi unasema kwamba maafisa wawili walifika dukani kwa Bw. Bashir saa tisa na nusu alasiri na kukuta hali shwari. Kando yake kuna sahihi ya kuthibitisha ya mwakilishi wa wananchi.

Saa tisa na nusu ndiyo saa uliyoniandikia kwamba mtu huyo alikuwa akipigwa.

Naomba ufafanuzi wako kwa maandishi.

Insp. P. Nanzala


Kambi Miti
12 Machi 2025

Afande Nanzala,

Mimi nakuandikia habari ya mtu aliyepasuliwa jicho, wewe unanijibu habari ya mstari kwenye kitabu.

Huenda saa ya afisa ilikuwa imesimama. Huenda walipita siku nyingine wakakosea tarehe. Hata mimi nimewahi kuandika ubaoni mwaka uliopita mpaka mwezi wa pili ukaisha. Kwa nini jambo dogo la karani lifanywe kubwa kuliko nondo?

Bashir amepelekwa hospitali ya macho Nairobi, na Rukia yuko naye. Duka limefungwa. Watu wa hapa wanatembea mpaka barabara kuu kutafuta unga, na wanawake wanaokama ng'ombe hawana pa kununua chakula cha mifugo. Bashir amemwambia mkewe kwamba akitoka huko hatarudi Eldoret, ataenda moja kwa moja kwao Wajir. Miaka kumi na minane! Mwaka ule wa fujo za uchaguzi alilala kwangu na watoto wake wiki mbili, akarudi kufungua duka. Sasa nondo moja ndiyo inamwondoa?

Rukia amewapa jina la aliyemtambua. Anaitwa Byron, fundi wa pikipiki, alitengeneza ile ya dukani mwezi wa Januari. Mkamateni, na muache vitabu.

Mwalimu Hellen


Lelmet
17 Machi 2025

Mwalimu,

Byron tumemkamata. Alikuwa amejificha kwa shemeji yake Burnt Forest. Nilikwenda mwenyewe, kwa gari la kuazima, na nilidhani siku hiyo nitalala nimefurahi.

Lakini wakili wake amepata nakala ya kitabu. Anasema hakuna mwizi anayeweza kumvunja mtu uso mbele ya polisi wawili wanaoandika hali shwari. Anasema Bashir na Byron waligombana kwingine kwa sababu ya ile pikipiki, na habari ya wizi ikatungwa baadaye. Wapelelezi wenzangu wameanza kumwamini. Tarehe 28, upande wa mashtaka utamwambia hakimu kama kesi inaendelea au inaondolewa. Ikiondolewa, Byron anatembea nyumbani jioni hiyo hiyo.

Nimewauliza Konstebo Edwin na mwenzake, wenye sahihi zao pale. Edwin ameniangalia viatu mpaka nikaona aibu mimi.

Sasa nakuuliza si kama mkuu wa kituo. Ile sahihi ya pembeni, yenye H iliyojikunja vizuri kama ya kwenye ripoti ya shule, ni yako?

Purity Nanzala


(Ujumbe wa simu)
20 Machi 2025

Mwalimu shikamoo. Mgonjwa anaendelea lakini jicho la kushoto daktari amesema wamelitoa. Jana polisi wawili wamekuja hapa hospitali toka Eldoret. Nikadhani wameleta pole. Kumbe wamekuja kumuuliza Bashir kama ni mwongo. Ati kuna kitabu kinasema siku ile hakukuwa na kitu, na wewe Mwalimu umeweka sahihi. Nimewaambia hiyo haiwezekani, Mwalimu ndiye alimfunga mume wangu kichwa na leso yake mwenyewe. Bashir akangoja waende. Halafu akaniuliza, Rukia, Mwalimu aliandika hivyo kweli? Nimjibu nini? Nimekupigia hushiki. Tafadhali nijibu kabla ya futari. Rukia.


Kambi Miti
21 Machi 2025

Inspekta Nanzala,

Rukia nimemjibu kabla sijakuandikia wewe, maana yeye ndiye alistahili kujua kwanza. Sahihi ni yangu.

Ilianza Oktoba, wakati wa mvua. Edwin nilimfundisha darasa la saba, alikuwa kijana wa insha nzuri. Jumapili moja alikuja kwangu baada ya kanisa, viatu vikitoa maji, ametembea kutoka kituoni maana gari wakati ule lilitoka kwa dharura tu, na bado alikuwa na mitaa minne ya kuzunguka. Utaratibu wenu ulimtaka afike dukani mara tatu kwa siku: saa nne asubuhi, saa tisa na nusu, na saa mbili usiku. Watu wanne, mitaa mitano. Nikampa chai. Nikamwambia, mwanangu, tia sahihi ya kesho pia, upumzike. Nikatia yangu kando ili asisumbuliwe. Nilijiona mama mzuri siku hiyo, afande, usicheke.

Kufika Januari ilikuwa desturi. Kila Jumapili nachukua kitabu dukani, namwambia Bashir naenda kukikagua. Edwin na mwenzake wanakuja, nachemsha chai, wanaandika wiki nzima. Mistari ishirini na mmoja. Hali shwari, hali shwari, hali shwari. Na kwa kuwa nimekamata watoto wengi waliokopi kazi ya nyumbani kwa sababu ya wino mmoja, niliwapa kalamu tatu tofauti wabadilishe. Mimi mwenyewe. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini, zile kalamu.

Kwa hiyo mstari wa Jumanne uliandikwa Jumapili, mezani kwangu, na mandazi pembeni. Barua yangu ya kwanza nilikuwa natafuta kitabu kabla hujakifungua. Ya pili nilikudanganya waziwazi. Nina umri wa miaka sitini na sita na nilidanganya kama mtoto aliyevunja dirisha.

Edwin asiumizwe. Wazo lilikuwa langu.

Lakini na mimi nikuulize. Kila mwisho wa mwezi kitabu kile kililetwa kwako ukakigonga muhuri. Wewe ndiye unayejua una watu wanne. Wanne wanafikaje mitaa mitano mara tatu kwa siku, kwa miguu, mvua ikinyesha, bila kukosa hata mara moja tangu Oktoba? Hukuhesabu?

Hellen Chepkirui


Lelmet
24 Machi 2025

Mwalimu,

Nilihesabu.

Nilipofika kituo hiki nilikuwa napeleka vitabu vyenye mapengo, jinsi vilivyo. Nikawa naitwa kila mwezi kueleza kwa nini maafisa wangu ni wavivu. Nikieleza kwamba ni wachache, naambiwa kila kituo kina wachache. Vitabu vikaanza kujaa, sikuitwa tena. Sikumwambia mtu ajaze. Niligonga muhuri tu nikafunga mdomo, na kila nilipofika ukurasa wa Kambi Miti nilijisemea, angalau Edwin ana bidii.

Sasa sikia lililobaki, maana umeomba gari katika barua yako ya kwanza na sikukujibu. Januari makao makuu walikusanya vitabu vya vituo vyote ili wagawe magari upya. Kambi Miti ilionekana ndiyo yenye doria nyingi kuliko mitaa yote. Kituo cha Ziwa, kitabu chao kilikuwa kitupu, kwa sababu sajenti wa kule ni mtu wa kuandika ukweli. Gari letu likapelekwa Ziwa. Tulilitia sahihi likaenda, Mwalimu, mimi na wewe na Edwin.

Jumanne ile kama gari lingekuwepo, ningekuwa kwako dakika kumi na tano. Labda wasingethubutu kuingia kabisa. Nawaza hivyo kila siku na hasira yangu sijui nimwelekezee nani.

Ukiapa mbele ya wakili wa serikali kwamba kitabu ni cha uongo, Byron atabaki ndani. Lakini Edwin atasimamishwa kazi, mimi nitahamishwa ama zaidi ya hapo, na wewe unaweza kushtakiwa kwa kuthibitisha uongo. Siwezi kuzuia hata moja.

Kuna njia nyingine. Stoo yetu ya ushahidi inavuja. Vitu huloa. Vitu hupotea. Kitabu kisipoonekana tarehe 28, ya wakili ni nakala tu, na nakala inaweza kubishaniwa. Pengine kesi itaendelea, pengine haitaendelea, lakini hakuna atakayeumia kati yetu.

Soma, kisha choma barua hii.

Purity


Kambi Miti
26 Machi 2025

Purity mwanangu,

Sikuichoma. Nimeiweka ndani ya Biblia, sitaionyesha mtu, lakini sitaichoma pia. Nimechoka kusaidia karatasi kusema ambayo si kweli.

Unasema hakuna atakayeumia kati yetu. Bashir umemhesabu upande gani? Kitabu kikipotea, yeye atabaki mzee wa jicho moja aliyeambiwa labda alitunga. Nimeshamfanyia hilo mara moja kwa mkono wangu. Sirudii.

Ijumaa nitakuwa mahakamani saa mbili asubuhi. Edwin alikuja jana. Nilimwambia mwenyewe, hapa mezani. Alilia, kisha akasema atakuja pia, tusimame wote. Chai haikunyweka.

Kitabu kisiloe.

Mwalimu


Lokichar
22 Aprili 2025

Mwalimu,

Salamu kutoka kwenye joto. Nilipewa saa arobaini na nane kufunga mizigo. Hapa nina maafisa saba na nchi nzima mbele yangu, na kitabu cha doria kina mapengo mpaka kinapendeza.

Sikupata nafasi ya kukuambia baada ya siku ile. Hakimu alipokuuliza kalamu zilikuwa ngapi ukazitoa mkobani ukaziweka mezani, wakili wa Byron alivua miwani. Nimekuwa polisi miaka kumi na sita, sijawahi kuona mtu akijimaliza mwenyewe kwa utulivu namna ile. Kesi inaendelea, na wale wenzake wawili Byron ameshawataja. Walau hilo.

Edwin ameniandikia. Bado amesimamishwa, yuko kwao Ziwa anapanda mahindi na baba yake. Anasema akiwa shambani huona lile gari letu likipita mara mbili kwa siku. Aliandika bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Je, gari mmerudishiwa? Aliyechukua nafasi yangu aliniahidi ataliandikia ombi. Na Bashir? Nilisikia alikuwa hospitali mpaka baada ya Idi. Sikuwa na uso wa kumpigia.

Purity


Kambi Miti
10 Mei 2025

Purity,

Gari halijarudi. Mkuu mpya nimemwandikia barua nne, amejibu moja, akasema suala langu linashughulikiwa. Uenyekiti nimeuachia. Kesi yangu mimi bado wanaitafakari. Juzi mama mmoja alinyang'anywa mkoba mchana kweupe karibu na tangi, tukapiga simu. Ilipokelewa, maajabu hayo, na wakafika baada ya saa moja na nusu. Watu hapa wakanipongeza kwa barua zangu. Nilitaka kulia. Tumefika mahali ambapo saa moja na nusu inapigiwa makofi!

Bashir amerudi. Hakwenda Wajir. Rukia anasema alifika mpaka stendi ya mabasi Nairobi, akakaa kwenye benchi, kisha akauliza la Eldoret linaondoka saa ngapi. Amefungua duka wiki tatu sasa. Mimi nilikuwa natuma mtu aninunulie unga. Nilimwomba msamaha siku aliyofika, mbele ya watu, akaitikia kwa kichwa tu, na tangu hapo hatukusemezana. Miaka kumi na minane, na nilikuwa napita kwake nikiangalia upande wa pili wa barabara. Ilinichoma vibaya sana.

Kituo kimeleta kitabu kipya. Kimetundikwa pale pale kwenye msumari. Wananchi walimchagua Bashir ndiye awe anathibitisha. Polisi asipofika, Bashir huandika mwenyewe. Nasikia wiki ya kwanza konstebo mmoja mgeni aliomba aandike na ya kesho, mvua ilikuwa inakuja. Bashir alimfunikia kitabu kwa mkono wake, akamwambia, kesho haijafika, kijana.

Jana jioni alinitumia Rukia. Kitabu kinahitaji shahidi wa pili mwisho wa wiki, na anasema awe mimi. Nilikwenda. Alinisogezea kigoda, akafungua ukurasa, akanipa kalamu yake. Nikaishusha penye mstari, mkono umeshazoea. Akaishika.

"Soma kwanza, Mwalimu," akasema. "Soma kwa sauti. Mimi sasa naona nusu."

Nikasoma. Nakunakilia vile vile:

Jumatatu 5 Mei. Hawakuja.
Jumanne 6 Mei. Hawakuja.
Jumatano 7 Mei. Wamekuja saa nane na dakika kumi, wawili, kwa miguu. Wameloa.
Alhamisi 8 Mei. Hawakuja. Mama amenyang'anywa mkoba. Wameitwa, wamefika baada ya saa moja na nusu.
Ijumaa 9 Mei. Hawakuja.

Akauliza, "Ni kweli yote?"

Nikasema ni kweli.

"Basi tia."

Nikatia. Rukia akaleta chai.

Mwalimu Hellen